Dereva Mkwaju na jirani yake wa London

Ukihamia Uingereza ukaanza kufuatilia tamthilia za televisheni kama EastEnders au Coronation Street, baada ya wiki chache utajiuliza hawa watu wana mkosi gani. Huyu kapigwa na mumewe, yule kaanza kusahau majina ya wanawe, na talaka juu yake. Mkosi huo unapangwa, tena tangu zamani. The Archers, igizo la redio la BBC lililoanza kusikika nchi nzima Januari 1, 1951, lilipata msaada wa Wizara ya Kilimo ili wakulima wajifunze mbinu mpya katikati ya umbea wa kijijini.

Sisi tuliotoka Soweto, Moshi, hatukupaswa kushangaa. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza igizo la Twende na Wakati, nusu saa, mara mbili kwa wiki. Mbinu yake ilitoka Mexico kwa mtayarishaji wa tamthilia Miguel Sabido, na Wakenya walishaijaribu mwaka 1987 kwa Tushauriane na Ushikwapo Shikamana. Weka mhusika mwema, weka mbaya, halafu weka wa tatu anayesitasita. Msikilizaji atajiona kwa huyo wa tatu.

Mbaya wetu alikuwa Mkwaju, dereva wa lori, mlevi mwenye wanawake njiani. Mkewe Tunu ndiye aliyesitasita, hadi akamwacha na kuanza biashara yake. Kwa watu wa Moshi, wanaoyaona malori yakipita kwenda Himo na Holili, Mkwaju hakuhitaji utambulisho. Ukimwi nao ulishabisha hodi: wanawake wa Kilimanjaro walikwisha kuunda kikundi cha KIWAKKUKI mwaka 1990 ili kupambana nao.

Kilichonivutia zaidi ni Dodoma. Hadi mwaka 1995 mtambo wa huko ulirusha vipindi vingine badala ya igizo hilo, ili watafiti, akiwemo Everett Rogers, wapate eneo la kulinganisha. (Wagogo walinyimwa umbea miaka miwili kwa ajili ya sayansi!) Matokeo: mahali igizo liliposikika, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kuliko Dodoma, na wasikilizaji wakapunguza wapenzi na kutumia kondomu zaidi. Sijaona tamthilia ya Uingereza iliyojipima kwa ukali huo. BBC hutangaza tu mahali pa kupata msaada kipindi kinapokwisha.

Hata hivyo Waingereza wana jambo moja ninalowasifu. Mwaka 1991 EastEnders ilimpa Mark Fowler virusi vya Ukimwi, kisha ikamwacha aishi: akauza matunda na mboga sokoni, akaoa, akagombana na ndugu. Aliondoka mwaka 2003, na kifo chake kikatangazwa mwaka uliofuata. Watazamaji walimzoea kama jirani, wala hakubaki kuwa onyo.

Mkwaju hakupewa muda huo, Ukimwi ulimuua. Waandishi wa Dar es Salaam hawakuwa wakatili kuliko wa London. Tofauti ilikuwa dawa: zile za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali ya Tanzania mwaka 2004 tu.