Saa yako janja inazima kabla ya magharibi? Soma hii kwanza

Umeichaji usiku kucha, umetoka Ngomeni na asilimia mia mkononi, kufika saa tisa mchana iko nyeusi tii. Kabla hujaiuza Malindi kwa bei ya kutupa, hebu tuipime.

Betri ya saa janja ni kitu kidogo sana. Simu yako huenda ina mAh 5,000. Galaxy Watch4 ile ndogo ina 247. Apple wenyewe kwa miaka waliahidi saa 18 tu. Kwa hivyo kama yako inafika jioni, si mgonjwa, ndivyo ilivyozaliwa. Lakini kama ilikuwa inamaliza siku mbili na sasa hata moja ni shida, hapo kuna jambo.

Mlaji mkubwa ni kioo. Zima ile hali ya kuwaka muda wote. Kama ni AMOLED, weka uso mweusi, maana sehemu nyeusi haziwaki kabisa. Kisha punguza arifa. Kwani lazima mkono utetemeke kila grupu la harusi likituma picha?

Halafu kuna GPS. Sisi wa Ngomeni setilaiti si wageni nazo: Uhuru, ile ya NASA, ilirushwa na Waitaliano kutoka jukwaa la San Marco hapa baharini, 12 Desemba 1970. Sasa za GPS ziko juu kilomita elfu ishirini hivi, mawimbi yake yanafika dhaifu, na saa inayasikiliza bila kupumzika. Umekimbia ufuoni dakika arobaini? Ukimaliza, simamisha mazoezi kwenye saa. Wengi husahau, inaendelea kupiga hesabu hata umekaa barazani.

Kwetu pia kuna joto na chumvi. Betri za lithiamu zinazeeka haraka kwenye joto, kwa hivyo usiichaji dirishani juani wala usiiache kwenye dashibodi ya matatu. Chumvi nayo ina ujanja wake. Ukitoka kuogelea, au ukishinda kwenye mashamba ya chumvi, utando unakaa kwenye vile vidoti vya chaji. Saa haijai vizuri, wewe unalaumu betri. Futa kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, kausha kabisa, ndipo uchaji. Ukichaji ikiwa na maji ya bahari, vidoti vinaliwa na kutu mapema.

Bado? Ijaze, iweke hali ya ndegeni, ulale. Asubuhi ikiwa imeshuka asilimia chache tu, betri ni nzima. Kuna programu inayokula. Imeshuka thelathini? Yaelekea betri imechoka. Mgongo ukiwa umevimba, ivue na usiichaji tena.

Kubadilisha ni kazi ya fundi, lakini muulize kama atarudisha gundi ya kuzuia maji. Akianza kuzunguka-zunguka, baharini usiingie nayo.