Je, Wajua? Sauti Isiyo na Jina

Filamu ya Kihindi *Mahal* ilipotoka mwaka 1949, santuri ya wimbo wake mkuu haikumtaja mwimbaji. Iliandikwa Kamini, jina la mhusika tu! Wasikilizaji wakaulizia redioni, ndipo likatajwa jina la Lata Mangeshkar, binti wa miaka 20.

Sauti ngeni ya Kagera, Tanzania, haikufichwa hivyo. Saida Karoli, mzaliwa wa Bukoba, alivuma mwaka 2001 kwa "Maria Salome", akichanganya Kiswahili na Kihaya cha Bukoba na Muleba. Wasioelewa Kihaya waliimba vilevile, maneno wakijitungia. Mwaka 2013 wimbo ukasikika katika filamu ya Kimarekani *Peeples*. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaufufua kwa jina "Salome".