Ibilisi Anaponukuu Maandiko (Mathayo 4:1–11)

Wanafunzi wengi wakiulizwa kuhusu kujaribiwa kwa Yesu husimulia tu: jangwa, siku 40, mawe, hekalu, mlima mrefu. Masimulizi hayo ni sahihi, ila swali likikutaka "ujadili" hayatoshi. Uzito wa habari hii uko kwenye jaribu la hekaluni, basi tukae hapo.

Jaribu la mikate Yesu amelijibu kwa andiko, Kumbukumbu la Torati 8:3. Ibilisi habishani nalo. Naye anatoa la kwake! Anamsimamisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, anamwambia ajitupe chini, kisha anataja ahadi ya Zaburi 91:11–12 kwamba malaika watamchukua asijikwae. Maneno hayo kweli yamo katika Biblia. Ubaya uko wapi?

Fungua Zaburi ya 91 uilinganishe na Mathayo 4:6. Mstari wa 11 unasema Mungu atawaagiza malaika wamlinde mtu katika njia zake zote. Kipande hicho cha "njia" Ibilisi hakukitaja. Si wafafanuzi wote wanaokipa uzito. Hoja yenye nguvu zaidi ni hii: zaburi yote inamhusu mtu anayemtumaini Mungu hatari inapomjia. Ibilisi anaigeuza iwe ruhusa ya kuitafuta hatari ili Mungu apimwe.

Yesu haikatai Zaburi. Anaweka kando yake andiko jingine, Kumbukumbu la Torati 6:16, linalokataza kumjaribu Mungu na kukumbusha yaliyotokea Masa. Huko (Kutoka 17:1–7) Waisraeli wenye kiu walitaka Mungu athibitishe kama yuko kati yao au hayuko. Hapa ndipo penye alama: andiko hufafanuliwa na andiko, na kila mstari husomwa ndani ya sura yake.

Sasa tuseme mama mmoja mwenye kisukari anaambiwa na mhubiri aache dawa, kwa kuwa mstari wa 10 wa zaburi hiyohiyo umeahidi kwamba tauni haitaikaribia hema yake. Utamwambia nini? Kumwombea ni sawa. Lakini kuacha dawa ili ionekane kama Mungu ataponya ni kusimama juu ya kinara cha hekalu. Mwonyeshe 1 Timotheo 5:23, ambapo Paulo anamshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara. Mathayo 9:12 usiitumie kama hoja kuu, ingawa inataja tabibu; pale Yesu anaeleza kwa nini anakula na wenye dhambi. Nia yako njema haikupi ruhusa ya kukata mstari.

Angalizo dogo: Luka 4:1–13 anaweka jaribu la hekaluni mwisho, na Marko 1:12–13 hatoi maneno ya majaribu hata moja. Usichanganye.

Zoezi: Soma Mwanzo 2:16–17, kisha 3:1–3. (a) Swali la nyoka limeligeuzaje agizo la Mungu? (b) Mwanamke ameongeza nini katika jibu lake? (c) Linganisha mbinu ya nyoka na ile ya Ibilisi katika Mathayo 4:6.