Saa Inayomtafutia Fundi Nguzo

Umeme ukikatika Songea, lawama huenda kwa transfoma, mvua au nyani. Saa haitajwi. Tangu mwaka 2018 mji huu unalishwa na Gridi ya Taifa kwa njia ya msongo wa kilovoti 220, kilomita 250 hivi kutoka Makambako kupitia Madaba, na katika masafa kama hayo saa ndogo ndani ya kituo cha kupoza umeme ina kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Radi ikipiga waya, wimbi hukimbilia pande zote mbili kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Vifaa vya kila upande vikiandika muda lilipofika, tofauti ya nyakati hizo inatosha kuonyesha palipoharibika. Kwa njia ya namna hii, saa zikipishana kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, jibu linahama mita 150. Zikipishana kwa sehemu moja ya elfu, linahama kilomita 150, na fundi anapanda milima asiyohitaji kuipanda.

Saa hizo husawazishwaje? Antena huchukua muda kutoka setilaiti za GPS, kisha saa kuu huutuma kwa vifaa vingine kupitia mtandao wa kituo. Kifaa hupokea ujumbe, hujibu, na muda wa safari ya kwenda na kurudi hugawanywa kwa mbili. Hapo ndipo penye ujanja, na hatari: hesabu inachukulia kwamba kwenda ni sawa na kurudi. Ujumbe ukicheleweshwa upande mmoja tu, saa inakosea na hakuna king'ora kinacholia.

Hata setilaiti hukosea. Tarehe 26 Januari 2016 baadhi yake zilitangaza muda wenye kasoro ya sehemu 13 za milioni ya sekunde. Ikidanganyika saa ya upande mmoja pekee, hizo ni karibu kilomita mbili za kutafuta nguzo.

Sehemu za Marekani na Kanada zilipozimika tarehe 14 Agosti 2003, watu wapatao milioni 50 wakikosa umeme, wachunguzi walihangaika kupanga nini kilitangulia nini, kwa kuwa kumbukumbu nyingi hazikuwa na saa zinazolingana. Kununua mitambo ya mabilioni kisha kuacha kifaa kimoja kikifuata saa ya Greenwich na jirani yake saa ya Afrika Mashariki, saa tatu mbele, ni uzembe usio na utetezi.

Saa zinazolingana zinahitajika pia kwenye minara ya simu, mabomba ya mafuta, benki na reli ya umeme.