Sauti Nzito, Sanduku Jepesi

Barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto ina urefu wa kilometa 33 hivi. Katika mwendo huo mfupi msafiri huliacha joto la bonde, hupita Soni penye maporomoko ya maji, na hufika katika mji ulio kiasi cha meta 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kazi hiyo ya kupanda hufanywa na injini ya gari. Lakini nyumba nyingi za Milima ya Usambara zimejengwa migongoni mwa vilima, mahali ambapo gari haliwezi kufika. Bendi au kwaya inayoalikwa arusini upande wa Mlalo, Mtae au Bumbuli huenda ikalazimika kushusha vyombo vyake kando ya barabara na kuvipandisha kwa mabega.

Mpiga solo hutundika gitaa lake begani akaenda zake. Mpiga ngoma huzigawa ngoma zake kwa vijana. Anayebaki nyuma ni mpiga besi, kwa kuwa sanduku la spika zake halibebwi na mtu mmoja. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kweli wenzake hawaoni tatizo. Tuseme sanduku hilo lina kilo 60, na ukumbi uko meta 100 juu ya barabara. Kazi ya kulipandisha ni 60 × 9.8 × 100, yaani jouli 58,800, mbali na kazi ya wabebaji kupandisha miili yao wenyewe. Baada ya usiku wa manane sanduku lilelile lazima lishushwe gizani, kwenye njia yenye utelezi, na mgongo ukiumia hapo huenda usipone upesi.

Je, ni lazima sanduku la besi liwe zito? Wanamuziki wengi huamini hivyo, na huenda lugha yenyewe imesaidia kuwapotosha. Katika Kiswahili sauti ya chini huitwa sauti nzito, na ni rahisi kudhani kwamba sauti nzito hutoka katika kitu kizito. Hebu tuichunguze dhana hiyo kwa vipimo.

Sauti nzito ni nini?

Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne, ule wa noti ya E, hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde. Idadi hiyo ya mitikisiko huitwa marudio, na kipimo chake ni hezi. Katika hewa yenye nyujoto 18, ambayo ni hali ya kawaida Lushoto, sauti husafiri meta 342 kwa sekunde. Ukigawanya 342 kwa 41 utapata urefu wa wimbi lake, nao ni meta 8.3.

Mbele ya wimbi kubwa kiasi hicho, koni ya spika yenye kipenyo cha inchi 15, yaani sentimeta 38, ni kitu kidogo sana. Koni inaposukuma hewa kwa mbele, papo hapo huivuta kwa nyuma. Pasipo kizuizi, hewa iliyosukumwa huzunguka ukingo wa spika na kuliziba pengo la nyuma, na mawimbi mawili hufutana. Hii ndiyo sababu spika iliyo wazi hutoa sauti nyembamba isiyo na besi.

Basi kazi ya kwanza ya sanduku ni kuyatenga mawimbi hayo mawili. Kazi ya pili ni kuihifadhi hewa iliyo ndani, ambayo hufanya kazi kama springi inayoirudisha koni mahali pake. Mmarekani Edgar Villchur alionyesha mwaka 1954 jinsi springi hiyo ya hewa inavyoweza kutumiwa kwa makusudi katika sanduku lililozibwa. Baadaye Neville Thiele, mwaka 1961, na Richard Small, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wote wakifanya kazi Australia, walitoa kanuni za hesabu ambazo mafundi huzitumia hadi leo kukadiria ujazo wa sanduku na ukubwa wa tundu lake. Kabla ya hapo masanduku mengi yalijengwa kwa kubahatisha.

Kanuni isiyokwepeka

Mtu anayetengeneza sanduku la besi hutaka mambo matatu kwa pamoja: sanduku liwe dogo, sauti ishuke chini sana, na ufanisi uwe mkubwa ili wati chache zitoe kelele nyingi. Maumbile hayampi yote matatu. J. Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya spika ya KLH huko Marekani, alieleza kwamba ufanisi hulingana na ujazo wa sanduku ukizidishwa kwa kipeo cha tatu cha marudio ya chini kabisa yanayotakiwa. Maana yake ni kwamba atakaye kushuka oktava moja, tuseme kutoka hezi 80 hadi 40, bila kupoteza ufanisi, atahitaji sanduku lenye ujazo mara 8. Na atakayelipunguza sanduku huku akitaka lishuke chini vilevile, hana budi kuongeza wati.

Mwanafunzi na aitazame kanuni hiyo kwa makini. Ndani yake umo ujazo, yamo marudio, umo ufanisi. Tungamo la sanduku halimo. Sanduku la besi lina sababu ya kuwa kubwa. Halina sababu ya kuwa zito.

Mfano mzuri ni kabati la Ampeg la Marekani lenye spika 8 za inchi 10, ambalo lilianza kuuzwa mwaka 1969 na limekuwa kipimo cha wapiga besi duniani. Toleo lake la siku hizi lina kilo 64 hivi. Hata hivyo nguvu yake huanza kupungua chini ya hezi 60, kabla ya kuifikia noti ya E. Mbona basi noti hiyo husikika? Kwa sababu uzi hautoi hezi 41 peke yake. Hutoa pia 82, 123, 164 na kuendelea, na ubongo wa msikilizaji hutumia mitikisiko hiyo ya juu kuitambua ile ya chini.

Uzito ulitoka wapi?

Kabla ya gitaa la besi palikuwa na fidla kubwa ya kusimama, ambayo ilikuwa taabu kusafiri nayo. Mwaka 1951 Leo Fender wa California alitoa gitaa la besi la umeme liitwalo Precision, ambalo mtu huweza kulibeba kwa mkono mmoja. Lakini uzito haukutoweka. Ulihamia kwenye sanduku la spika na amplifaya. Gitaa hilo lilienea Afrika Mashariki pamoja na muziki wa dansi. Mkoani Tanga lilisikika katika bendi kama Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na kikundi cha Black Star kikaliingiza hata katika taarab.

Uzito wa vyombo hivyo ulitoka katika mambo matatu: mbao, sumaku na transfoma. Yote matatu sasa yana mbadala.

Tuanze na mbao. Chukua sanduku lenye urefu wa sentimeta 60, upana wa sentimeta 60 na kina cha sentimeta 40. Eneo la pande zake sita ni meta 1.68 za mraba. Likijengwa kwa chipubodi, yaani ubao wa chembe zilizogandishwa kwa gundi, wenye unene wa milimeta 18 na densiti ya kilo 700 kwa meta ya ujazo, mbao peke yake zitakuwa na kilo 21. Likijengwa kwa plaiwudi nyepesi ya milimeta 12 yenye densiti ya kilo 450, zitakuwa kilo 9 tu.

Hapa mwanafunzi hodari atauliza: je, ubao mwembamba hautatikisika na kuiharibu sauti? Swali ni la haki. Ukakamavu wa ubao hutegemea kipeo cha tatu cha unene wake. Kwa hiyo, kama mbao ni za aina moja, ule wa milimeta 12 una ukakamavu wa asilimia 30 hivi ya ule wa milimeta 18. Dawa yake ni mihimili ya ndani. Marudio ambayo ubao hupenda kutikisikia hulingana na unene ukigawanywa kwa mraba wa umbali kati ya vishikizo vyake. Unene ukipungua hadi theluthi mbili, marudio hayo nayo hushuka hadi theluthi mbili. Lakini umbali ukifanywa nusu kwa mhimili, hupanda mara 4. Mwisho wa hesabu ni mara 2.7 ya ubao mnene usio na mhimili. Mihimili ya kilo 2 huweza kufanya kazi ambayo kilo 12 za chipubodi hazikuifanya vizuri.

Jambo la pili ni sumaku. Spika ya inchi 15 yenye sumaku ya feraiti aghalabu huwa na kilo 8 hadi 10. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Masato Sagawa huko Japani na John Croat huko Marekani, kila mmoja kwa njia yake, waligundua sumaku ya neodimiamu, chuma na boroni. Kwa ujazo uleule, sumaku hiyo huweza kuhifadhi nishati mara 10 hivi ya feraiti. Spika yake ya inchi 15 huwa na kilo 3 hadi 5.

Jambo la tatu ni transfoma. Amplifaya za zamani hutumia transfoma ya umeme wa hezi 50, ambayo huhitaji chuma kingi. Za kisasa huukatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kwa kasi hiyo transfoma ndogo tu hutosha. Transista zake hufanya kazi kama swichi, ufanisi wake huweza kupita asilimia 90, na amplifaya ya wati mia kadhaa huwa na kilo 2 au 3.

Ukijumlisha sanduku na spika peke yake, kilo 30 zimekuwa kilo 15 au 16, na ujazo haukuguswa. Mtu mmoja sasa huweza kupanda nalo.

Gharama ya wepesi

Isidhaniwe kwamba wepesi hupatikana bure. Kwanza, katika kila wati 100 zinazoingia katika spika, ni chache tu zinazokuwa sauti. Nyingine zote huwa joto. Neodimiamu ya kawaida huanza kupoteza usumaku wake kwa kudumu ikipita nyujoto 80 hivi, nayo hupata kutu isipopakwa madini mengine. Pili, bei yake hutegemea nchi chache. China ilipopunguza uuzaji wake nje mwaka 2010, bei ilipanda mno mwaka uliofuata. Hapa Tanzania pana mashapo ya neodimiamu huko Ngualla, mkoani Songwe, ambayo Serikali ilitia sahihi mkataba wa uchimbaji wake mwaka 2023. Tatu, fundi wa mjini huweza kusuka upya transfoma ya zamani, lakini bodi ya amplifaya mpya ina vijisehemu vidogo mno, na ikiungua mara nyingi hubadilishwa nzima. Bendi inayofanya kazi mbali na mafundi yafaa ilipime hilo kabla ya kuuza chombo chake cha zamani.

Njia ya katikati ipo. Spika nzima ya zamani huweza kuhamishiwa katika sanduku jipya la plaiwudi lenye ujazo uleule na tundu lilelile. Kwa mihimili, saipresi ya mashamba ya miti ya Shume inatosha. Haina haja ya kuutamani mkulo wa msitu wa asili wa Magamba, ambao umehifadhiwa.

Mlima nao una neno lake. Hewa ya Lushoto ni nyepesi kuliko ya Tanga mjini kwa asilimia 13 hivi, kwa hiyo spika ileile hutoa shinikizo dogo zaidi la sauti. Tofauti ni desibeli 1 tu, na sikio ni shida kuitambua. Kubwa zaidi ni mahali pa kuliweka sanduku. Likisimama meta 2 kutoka ukutani, wimbi la hezi 41 huenda ukutani na kurudi likiwa nyuma kwa nusu wimbi, likalifuta lile la mbele. Likisogezwa hadi kuugusa ukuta, mawimbi hayo husaidiana. Besi huongezeka, na hakuna kilo hata moja iliyobebwa.

Jaribio kwa darasa

Mwalimu achukue spika ndogo iliyotolewa katika redio mbovu na kuiunganisha na redio nzima. Wanafunzi waisikilize ikiwa wazi. Kisha aishikize katika tundu la karatasi ngumu ya boksi yenye upana wa meta moja, wasikilize tena. Mwisho aifunge katika boksi hilohilo, na baadaye abandike vijiti vya kuzishikiza pande zake. Kila hatua ipimwe kwa mizani na kwa sikio. Darasa litaona kwamba besi imeongezeka sana, ilhali uzito ulioongezwa ni wa karatasi na vijiti.

Baada ya jaribio hilo, wanafunzi wa Lushoto wanaweza kulipima sanduku la kwaya au bendi ya jirani na kukokotoa ni kilo ngapi kati ya zile zinazobebwa mlimani zinatumikia sauti. Mpiga besi atakayepewa jibu ataweza kuamua mwenyewe ni mzigo gani unaostahili bega lake.