Kwa nini unamwamini mtu wa laivu ambaye hamjawahi kuonana?

Tuseme uko Nduguti, bando limebaki kidogo, lakini bado unamtazama muuza mitumba aliye laivu TikTok kutoka Dar es Salaam. Mara anasoma jina lako: "Karibu, mtu wangu wa Singida!" Unajikuta unatabasamu. Kwa nini?

Mwaka 1956, watafiti Donald Horton na R. Richard Wohl wa Marekani walieleza jinsi watazamaji wa televisheni wanavyojenga ukaribu na mtangazaji asiyewajua kabisa. Laivu imeongeza kitu ambacho televisheni ile haikuwa nacho: unaandika, naye anajibu papo hapo. Akija kila siku saa ileile, akikosea na kucheka mbele yenu, unaanza kumhesabu kama jirani.

Ila jirani wa kweli unajua kwao. Akikudhulumu, mtakutana sokoni. Huyu akizima simu, utampata wapi? Ukaribu unaouhisi ni wa kweli, lakini si ushahidi kwamba mzigo utafika. Kwa hiyo kabla ya kutuma hela, muulize duka lake liko wapi. Una ndugu Dar? Mwombe apite kwanza.