Kompyuta ya Nyumbani Imegoma? Okoa Rekodi Kwanza, Ndipo Ushike Bisibisi

Leo mbolea na chanjo naziweka pembeni kidogo, tuongelee kifaa ambacho siku hizi nakikuta kwenye nyumba nyingi ninazotembelea: kompyuta. Wengi wamenunua ya mtumba, ile yenye boksi na kioo chake, au laptop iliyokwisha tumika ofisini. Mchana watoto wanaangalia katuni, jioni baba au mama anaingiza hesabu za mayai, maziwa au magunia.

Shida inaanza siku ikigoma. Kuna wanaoipiga makofi. Kuna wanaoifunika kitambaa ikakaa miezi sita. Na kuna wanaoibeba moja kwa moja kwa fundi bila kujua inaumwa nini, wakaambiwa bei yoyote na wakalipa. Kwenye mifugo huwa nasema kila siku: usikimbilie sindano kabla hujamtazama mnyama. Kwa kompyuta ni hivyo hivyo. Tazama dalili, anza na tiba ya bure, halafu ya bei ndogo, ya gharama iwe ya mwisho.

Ila kuna jambo moja linalotangulia yote hayo. Kompyuta inanunulika. Rekodi zako hazinunuliki.

1. Okoa rekodi kabla ya tiba yoyote

Mwaka jana nilimkuta mama mmoja mfugaji wa kuku wa mayai amekaa mlangoni hana raha. Kompyuta yake ilikuwa inawaka, inafika nusu, inajizima na kuanza upya. Ndani kulikuwa na rekodi za miaka minne: mayai ya kila siku, chakula, vifo, mauzo. Alikuwa anaomba mkopo wa kujenga banda la pili, na benki walitaka kuona mwenendo wa uzalishaji. Fundi wa mtaani alishamwambia, "Mama, hii dawa yake ni kupiga window tu, kesho unachukua."

Nikamuuliza, "Mama, hizo rekodi umeziweka wapi kwingine?"

Akanijibu, "Bwana shamba, si zimo humo humo?"

Sasa sikiliza vizuri. Kupiga window maana yake, mara nyingi, ni kufuta ile sehemu ya diski inayoitwa C na kuweka Windows mpya juu yake. Vitu vyako ulivyoweka Desktop, Documents na Downloads kwa kawaida viko humo humo kwenye C. Fundi hakuwa amekosea tiba. Ila hakuuliza kilichomo, na mama hakujua kama anatakiwa kusema.

Tulirudi kwa fundi tukamwomba atoe diski kwanza, aiunganishe kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa USB na kunakili folda yote ya rekodi kwenye flashi. Haikuchukua hata nusu saa. Miaka minne ya kazi haikujaza hata robo ya flashi ndogo. Baada ya hapo akapiga window, na mama akapeleka karatasi zake benki ndani ya muda.

Kwa hiyo ukifika kwa fundi, neno lako la kwanza liwe: "Nitolee mafaili yangu kwanza, nione yanafunguka, ndipo uendelee." Usiridhike kuona jina la faili tu. Lifungue.

Na usisubiri igome. Chagua siku moja ya wiki, mfano Jumamosi jioni, unakili rekodi zako sehemu mbili nje ya kompyuta: kwenye flashi, na kwenye barua pepe yako au Google Drive. Hiyo flashi usiiache imechomekwa. Radi au mwizi akija atachukua vyote kwa mpigo.

2. Haiwaki kabisa

Kabla hujasema imekufa, pita hatua hizi:

- Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ile ile. Kama simu haipati chaji, mgonjwa ni soketi.
- Sukuma waya wa umeme nyuma ya boksi uingie mpaka mwisho. Nyaya hizi hulegea ukisogeza meza.
- Angalia swichi ndogo nyuma ya boksi, karibu na waya wa umeme. Watoto huwa wanaizima.
- Kama ni laptop, chomoa chaja. Kama betri inatoka, itoe. Bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa sekunde 30, kisha chomeka chaja bila betri ujaribu. Ikiwaka hivyo, huenda betri ndiyo yenye matatizo.

3. Feni inazunguka, kioo cheusi

Kwanza angalia waya wa kioo na kama kioo chenyewe kinapata umeme. Kama viko sawa, mshukiwa wa pili ni RAM, ile kumbukumbu ya muda yenye umbo la kipande chembamba kirefu. Vumbi na unyevu vikiingia kwenye meno yake, kompyuta haioni kitu. Nyingine hupiga milio pii pii kukuambia hivyo.

Zima, chomoa waya wa umeme kabisa, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja kumaliza umeme uliobaki. Fungua ubavu wa boksi. Gusa chuma cha boksi kwa mkono wako kwanza, kwa sababu umeme tuli wa mwilini unaweza kuua vifaa hivi bila wewe kuhisi chochote. Fungua vibano viwili vya RAM, itoe, sugua meno yake ya rangi ya dhahabu taratibu kwa raba ya penseli, pangusa kwa kitambaa kikavu, irudishe mpaka usikie vibano vimelia "ta". Kama zipo mbili, jaribu moja moja ujue ipi ni mbovu.

4. Saa inarudi nyuma kila ukiwasha

Hii inasumbua watu wengi hawajui chanzo. Unawasha, tarehe inaonyesha miaka ya nyuma huko. Ukiingia intaneti, kurasa zinakuandikia kwamba si salama, barua pepe haifunguki. Mtu anadhani ni bando au virusi.

Mara nyingi ni betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye bodi kuu, inafanana na sarafu. Imeandikwa CR2032, ni ya volti 3, na bei yake ni ndogo. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya msingi kompyuta ikiwa imezimwa. Chomoa umeme, sukuma kile kibano cha pembeni, betri itaruka juu. Weka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha uwe juu kama ulivyoukuta. Washa, rekebisha tarehe, basi. Kwa kompyuta ya mezani hii kazi unaiweza mwenyewe. Kwa laptop nyingi betri hiyo ina waya na iko ndani sana, mpe fundi.

5. Inapata joto na kujizima

Nyumba zetu zina vumbi, na wafugaji tuna la ziada: pumba, vumbi la chakula cha kuku, maranda. Naomba usiweke kompyuta kwenye chumba unachochanganyia chakula au unacholelea vifaranga. Lile vumbi linajaza feni na kuziba mapezi ya chuma yanayopoza moyo wa kompyuta. Joto likizidi, inajizima ili isiungue.

Kila baada ya miezi mitatu hivi, fungua boksi ukiwa umechomoa umeme, utoe vumbi kwa blowa au brashi laini kavu. Shikilia feni kwa kalamu ili isizunguke wakati unapuliza. Usitumie kitambaa kibichi. Usipulize kwa mdomo, utatia mate. Laptop usiitumie juu ya godoro au kanga, inaziba matundu ya chini.

6. Imekuwa nzito kama mkokoteni

Anza na ya bure. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager. Nenda sehemu iliyoandikwa Startup. Hizo ni programu zinazojiwasha zenyewe kila ukiwasha kompyuta. Zile usizozihitaji, kama za michezo au za muziki, zizime hapo. Programu ya kuzuia virusi iache. Kisha futa au hamisha video zilizojaa kwenye C. Diski ikijaa mpaka juu lazima kompyuta itasota.

Kama bado, kuna vitu viwili vya kununua vinavyoleta tofauti ya kweli. Cha kwanza ni diski aina ya SSD badala ya ile ya zamani inayozunguka. Kwa kompyuta ya mtumba hii ndiyo tiba ninayoiamini kuliko zote. Cha pili ni kuongeza RAM kama unayo GB 2 au 4 tu. Ila RAM zina aina: DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4. Toa ya kwako uende nayo dukani, kama unavyobeba bolti ya zamani ya pampu unapotafuta mpya.

Jambo lingine: Microsoft waliacha kutoa maboresho ya kawaida ya bure ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Kompyuta haizimiki kwa hilo, ila inabaki bila kinga mpya. Unaweza kumwomba fundi akuwekee Linux Mint, ni ya bure na ni nyepesi, na huja na LibreOffice ya kuandikia hesabu. Nayo kuiweka ni kama kupiga window: rekodi kwanza.

7. Flashi imegeuka "shotikati"

Umetoka kuprinti mjini, unachomeka flashi, mafolda yote yamekuwa vialama vyenye mshale. Usiyabonyeze, na usifomati flashi. Kirusi kimeyaficha mafaili yako tu, mara nyingi bado yamo. Tazama flashi imepewa herufi gani, mfano E. Fungua sehemu ya kutafutia, andika cmd, bonyeza Enter, kisha andika hivi kama ilivyo:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri. Mafolda ya kweli yatajitokeza. Nakili rekodi zako tu, acha vile vialama vya mshale, halafu chunguza flashi na kompyuta yote kwa programu ya kuzuia virusi.

8. Ipange ikufae wewe

Kompyuta nyingi za mtumba zinakuja na mipangilio ya huko zilikotoka. Badilisha vitu hivi:

- Tarehe. Hii ni muhimu kuliko rangi na picha. Mpangilio wa Kimarekani unaanza na mwezi. Ukiandika 3/7 ukimaanisha tarehe 3 Julai, kompyuta inahifadhi 7 Machi. Ratiba yako ya chanjo ya kideri inavurugika na hutajua mpaka kuku waanze kufa. Nenda kwenye mipangilio ya eneo, chagua muundo unaoanza na siku, kisha pitia tarehe ulizokwisha andika, kwa sababu za zamani hazijirekebishi zenyewe.
- Maandishi. Kama macho yanasumbua, kwenye mipangilio ya kioo ongeza ukubwa mpaka asilimia 125 au 150.
- Lugha. Windows 10 ina Kiswahili. Inahitaji intaneti kukipakua mara moja tu.
- Picha ya mbele. Badala ya ua au gari, weka picha ya kalenda yako ya chanjo au ya palizi. Kila ukiwasha unaiona.
- Akaunti ya watoto. Wafungulie ya kwao ya kawaida, yako iwe na nywila. Rekodi nyingi zinafutwa na mkono mdogo unaotafuta katuni.

9. Hapa usiguse

Lile boksi la chuma ndani ya kompyuta linalopokea umeme usilifungue kamwe. Linaweza kutunza umeme hata ukiwa umechomoa waya. Betri ya laptop iliyovimba usiitoboe wala usiichaji tena, inaweza kushika moto. Na ukisikia diski inagonga "tak tak", zima hapo hapo. Kila dakika unayoiwasha unapunguza nafasi ya kuokoa kilichomo.

Mwisho, umeme wetu unakatika na kurudi kwa nguvu. Ukikatika, chomoa waya, subiri umeme utulie ndipo uchomeke. Mawingu ya radi yakikusanyika, chomoa pia. Ukiweza kununua stabilaiza au UPS, nunua.

Leo ukimaliza kusoma, kazi ni moja tu: tafuta flashi, nakili rekodi zako, zifungue uone zinasomeka. Mengine yote yanaweza kusubiri mpaka Jumamosi. Ukikwama niulize, niandikie dalili unazoziona, siyo "imeharibika" tu.